Taa ya injini imewaka: pima sensa kabla ya kununua nyingine

Mashine ya kusoma hitilafu ikiandika kodi P0171 (hewa imezidi petroli) kwenye Toyota yenye injini ya 1NZ-FE (Premio, Allion, IST, Probox na Fielder za cc 1500), wengi huondoka moja kwa moja kwenda Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) kutafuta sensa ya oksijeni. Inafungwa, kodi inafutwa, taa inakaa kimya siku mbili, kisha inarudi. Mara nyingi sensa iliyotolewa ilikuwa nzima. Ilikuwa inaiambia kompyuta ya injini kwamba hewa imezidi petroli, na kweli ilikuwa imezidi: hewa ilipita kwenye mpira uliopasuka, au MAF (sensa inayopima hewa inayoingia) yenye vumbi ilikuwa inaihesabu pungufu.

Kabla ya kusafisha chochote, basi, jua kama sensa inadanganya au inasema kweli. Kusafisha kwenyewe mara nyingi hakumalizi nusu saa.

Sensa zinazokubali kusafishwa ni chache: MAF, MAP (inayopima mgandamizo ndani ya manifoldi), sensa ya joto la maji, na ncha za sensa za kranki na kemshafti. Sensa ya oksijeni na sensa ya noki (inayosikia injini ikigonga) hazisafishwi. Ukimwona mtu analoweka sensa ya oksijeni kwenye petroli, ujue anapoteza petroli.

Andaa kichomeo cha OBD2 (kifaa cha kusoma kodi za gari; hata kile kidogo cha ELM327 cha Bluetooth kinatosha), multimita, bisibisi ya nyota, soketi namba 10, 19 na 22, kopo la dawa ya MAF, dawa ya throtobodi (mlango wa hewa wa injini), kitambaa kisichoacha nyuzi na mswaki laini. Fanyia kazi nje, kwa sababu moshi wa egzosi ndani ya gereji iliyofungwa unaua.

Kusoma kodi bila kupoteza ushahidi

Usichomoe betri kwanza. Ukiichomoa unafuta kodi, unafuta picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati taa inawaka, na unafuta masahihisho ya petroli ambayo kompyuta imejifunza kwa muda mrefu. Hayo masahihisho ndiyo ushahidi mkubwa kuliko kodi yenyewe. Soma, andika au piga picha, ndipo ufute.

Soketi ya pini 16 iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana kero yake: soketi ipo, lakini kichomeo cha bei ndogo hakiunganishwi kwa sababu gari halizungumzi itifaki ya OBD2. Kwenye Toyota hizo kuna njia ya kale inayofanya kazi vizuri. Zima swichi, unganisha pini 13 (TC) na pini 4 (CG) kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka kwa mwendo sawa, hakuna kodi. Ikipiga mara tatu, ikapumzika kidogo, ikapiga mara moja, hiyo ni 31: mzunguko wa MAF. Nyingine za kukumbuka ni 13 (kranki), 22 (joto la maji), 24 (joto la hewa), 41 (mkao wa throtoli) na 52 (noki). Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka waya, kwa maana pini 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiigusisha na pini ya ardhi utaunguza fyuzi kama una bahati, na waya kama huna.

Gari zito, linakula mafuta, P0171 au P0101 (kodi ya MAF)

Hapa ndipo kichomeo kinapolipa gharama yake. Fungua ukurasa wa vipimo hai, tafuta trimu fupi (STFT) na trimu ndefu (LTFT). Hizo ni asilimia za petroli ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko uwe sawa. Zijumlishe. Jumla ikiwa kati ya −10 na +10, usihangaike. Ikiwa +20, kompyuta inamwaga petroli ya ziada kwa sababu kuna hewa ambayo haikuhesabiwa, au petroli haifiki ya kutosha.

Injini ikishapata moto, soma jumla hiyo mara mbili: kwanza bila kukanyaga mafuta, kisha ukishikilia mizunguko 2500 kwa dakika (RPM) kwa muda wa nusu dakika.

Jumla ikiwa kubwa bila kukanyaga mafuta, tuseme +22, halafu ikashuka hadi +5 kwenye 2500, kuna hewa inayoingia kwa wizi baada ya MAF. Tundu ni lile lile, lakini injini ikivuta hewa nyingi, hewa ya tundu inakuwa sehemu ndogo ya yote. Kagua mpira mpana unaotoka eya klina kwenda throtobodi, hasa kwenye mikunjo ya chini usiyoiona bila kuupinda. Kagua mpira wa kupumulia injini wenye valvu ya PCV, hosi ya busta ya breki, na gasketi ya manifoldi. Bana hosi moja moja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mlio wa injini ukibadilika na trimu ikashuka, umeipata. Kwa gasketi, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya ukungu kuzunguka maungio yake na usikilize. Mafundi wengi hutumia dawa ya kabureta kwa kazi hii kwa sababu inajibu haraka, lakini inashika moto, na manifoldi ya egzosi iko karibu.

Jumla ikiwa ndogo bila kukanyaga mafuta na kubwa kwenye 2500 na kuendelea, mshukiwa ni MAF chafu au petroli isiyofika. Vumbi likifunika waya wa moto wa MAF, waya haupoi inavyopaswa hewa inapopita, kwa hiyo unaripoti hewa pungufu, na kosa linakua kadiri hewa inavyoongezeka. Angalia namba ya MAF yenyewe. Injini ya cc 1500 iliyopata moto, AC na taa zikiwa zimezimwa, inavuta karibu gramu 2 kwa sekunde bila kukanyaga mafuta. Ukipata barabara tupu na salama, kanyaga mafuta hadi mwisho kwenye gia ya pili kuelekea mizunguko 5500, huku abiria ndiye anayesoma simu. Ukanda wa pwani namba inapaswa kufika takriban gramu 60 hadi 75. Nairobi, kwa kuwa hewa ni nyepesi, punguza kama moja ya tano. Ikigota kwenye 40 na chujio la hewa ni safi, MAF inahitaji dawa, au egzosi imeziba na injini haipumui.

Namba za MAF zikiwa nzuri na trimu bado iko juu, geukia petroli: chujio, pampu, nozeli. Shinikizo la petroli kwenye injini hii ni psi 44 hadi 50. Wanaoendesha tangi likiwa karibu na mshale mwekundu kila siku ndio hufika hapa mapema, kwani pampu hupozwa na petroli iliyoizunguka.

Kuna kipimo kimoja cha haraka kisichohitaji hata namba. Injini ikiwa inaunguruma vibaya, chomoa konekta ya MAF. Kompyuta itaacha kuisikiliza na kukisia hewa kwa kutumia mkao wa throtoli na mizunguko. Injini ikitulia baada ya kuchomoa, MAF ilikuwa inadanganya. Ikizidi kuwa mbaya au ikizima, MAF ilikuwa na msaada na tatizo huenda liko kwingine. Kipimo hiki kitawasha kodi ya MAF, kwa hiyo kifanye baada ya kusoma zile za awali.

Kusafisha MAF

Iko kwenye kifuniko cha eya klina au kwenye bomba linalotoka hapo, imeshikwa na skrubu mbili za nyota. Zima swichi, subiri dakika chache ili waya wa moto upoe, chomoa konekta kwa kubonyeza kikucha chake. Usivute waya. Fungua skrubu, toa sensa ikiwa imenyooka bila kuisokota.

Ndani utaona waya mwembamba kuliko unywele na tone dogo la sensa ya joto la hewa. Usiviguse kwa kidole, pamba, mswaki wala hewa ya kompresa. Nyunyiza dawa ya MAF kutoka umbali wa kama sentimita 10, mipulizo mifupi 10 hadi 15, ukigeuza sensa ili kila upande ufikiwe na uchafu udondoke nje. Acha ikauke yenyewe angalau dakika 15. Dawa ikiwa bado mbichi na ukawasha swichi, waya unaweza kuungua.

Ukikosa dawa ya MAF, dawa ya kusafishia vifaa vya umeme isiyoacha mabaki inaweza kufaa, mradi kopo limeandikwa kuwa ni salama kwa plastiki. Dawa ya kabureta na ya breki ziache kwenye rafu. Ya kabureta huacha utando, na zote mbili zinaweza kula plastiki na gundi iliyoshikilia waya. Sensa iliyooshwa kwa dawa ya kabureta huweza kufanya kazi vizuri wiki moja kisha ikawa mbaya kuliko mwanzo, na hapo mwenye gari anaamini kwamba kusafisha MAF hakusaidii.

Kabla ya kurudisha, jiulize vumbi lilipita wapi. Chujio la hewa linalopulizwa kwa kompresa kila servisi hutoboka matundu usiyoyaona. Liweke mbele ya tochi gizani uyaone. Boksi la eya klina lenye klipu moja iliyokatika huvuta vumbi la barabara kana kwamba chujio halipo. Machujio ya kupakwa oili nayo, yakipakwa kupita kiasi, hurusha oili hadi kwenye waya. Usiporekebisha hilo utakuwa unasafisha MAF kila baada ya miezi miwili. Kwenye gari lenye boksi zima, kusafisha kila unapobadilisha chujio ni zaidi ya kutosha.

Injini hailali sawa, inapanda na kushuka au kuzima ukifika kwenye taa

Kama trimu ni nzuri, lawama iende kwenye throtobodi. Si sensa, lakini masizi yanayoziba ukingo wa kile kisahani hubadilisha hewa kuliko sensa nyingi mbovu. Toa mpira, lowesha kitambaa kwa dawa ya throtobodi, futa ukingo na ukuta nyuma ya kisahani. Kwenye throtobodi za kebo, safisha pia njia ya hewa ya valvu ya mzunguko wa chini. Usimwagie dawa mota yake.

Throtobodi za umeme zina sheria yake: usisukume kisahani kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Gia zake za plastiki hazivumilii, na mota inaweza kukubana kidole. Baada ya kusafisha, Toyota nyingi zinajifunza upya ukichomoa betri dakika chache na kuiacha injini iungurume hadi ipate moto. Nissan (Note, March, Tiida) hazina upole huo. Masizi yakitoka, kompyuta inaendelea kufungua kisahani kama zamani na injini inalala kwenye mizunguko 1500. Utaratibu wa kuifundisha: pasha injini moto, zima kila kinachotumia umeme, zima swichi sekunde 10. Washa swichi bila injini, subiri sekunde 3, kanyaga na uachie mafuta kikamilifu mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7, kanyaga hadi mwisho na ushikilie kama sekunde 20 mpaka taa ya injini iache kupepesa na kuwaka moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde 3, washa injini, na uiache itulie sekunde 20. Tumia saa, usikisie, na usishangae ukilazimika kurudia.

Linazima likipata moto, linawaka likipoa

Dalili hii, hasa ikiwa mshale wa RPM unalala sifuri wakati unapiga stata, ni ya sensa ya kranki. Kwenye 1NZ-FE iko upande wa mikanda karibu na puli ya kranki, boliti moja ya namba 10. Ndani yake kuna sumaku na koili. Pima ukinzani kati ya pini zake mbili: ikiwa baridi iwe kati ya omu 985 na 1600, ikiwa ya moto kati ya 1265 na 1890. Ile ya kemshafti, kwenye kichwa cha injini, ni 1630 hadi 2740 baridi. Kosa la kawaida ni kupima asubuhi, kukuta namba nzuri na kuiachia huru. Koili iliyokatika ndani hufunguka ikipanuka kwa joto, kwa hiyo ipime pale pale inapogoma, au ipashe kwa kikaushia nywele huku mita imeunganishwa. Ikiruka na kuonyesha mkatiko, nunua nyingine.

Kuisafisha ni kufuta ncha. Sumaku hukusanya unga wa chuma, na mkanda wa unga huo hufifisha ishara. Futa kwa kitambaa chenye dawa ya umeme, kagua mpira wa duara, paka oili kidogo na uirudishe bila kukaza kwa hasira. Oili ikiwa imepanda ndani ya konekta, mpira au sensa yenyewe imekwisha.

Feni haizimi, gari gumu kuwaka asubuhi, au moshi mweusi

Sensa ya joto la maji ina kipimo kizuri cha bure. Gari likilala usiku kucha, washa swichi asubuhi bila injini na ulinganishe joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yawe karibu sawa, tofauti isizidi digrii 5 hivi. Maji yakisoma −40, mzunguko umekatika (P0118). Yakisoma 140 gari likiwa baridi, waya zimegusana (P0117). Kuitenga sensa na waya ni rahisi: chomoa konekta, kipimo kinapaswa kwenda −40, unganisha pini mbili za konekta kwa waya, kinapaswa kuruka 140. Kikifuata, waya na kompyuta viko sawa na mbovu ni sensa. Ukinzani wake ni karibu kiloomu 2.2 hadi 2.7 kwenye digrii 20, na kama kiloomu 0.3 kwenye digrii 80.

Kabla ya kuinunua, uliza kama themostati ipo. Desturi ya kuitoa eti gari lisichemshe imeenea kuliko inavyostahili. Injini isiyo na themostati ikienda barabara kuu inakaa kwenye digrii 65, kompyuta inaendelea kudhani haijapata moto, inaongeza petroli, na P0128 inaandikwa. Sensa hapo inasema kweli tupu.

Rejeta iliyojazwa maji ya bomba miaka mingi huacha ganda la chokaa na kutu kwenye ncha ya sensa, nayo ikaanza kujibu kwa kuchelewa. Injini ikiwa baridi kabisa, ifungue kwa soketi ndefu ya namba 19, iloweke ncha kwenye siki nusu saa, isugue kwa mswaki, suuza. Ongeza kulanti uliyopoteza na utoe hewa kwenye mfumo.

MAP, kwa wenye Honda Fit na wenzake

Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, MAP inasoma hewa ya mahali ulipo: Dar es Salaam au Mombasa karibu kPa 101, Arusha kama 86, Nairobi kama 82. Mtu wa Nairobi asiiseme sensa ni mbovu kwa kuwa haifiki 100. Injini ikiwaka na kutulia, ishuke hadi kati ya 25 na 40. Isiposhuka, kagua tundu la kuingizia hewa ya sensa. Masizi ya oili huliziba. Nyunyiza dawa ya umeme, usichokonoe kwa waya.

Sensa ya oksijeni

Ile ya mbele ya aina ya kawaida inaruka kati ya volti 0.1 na 0.9 mara kwa mara injini ikiwa ya moto. Ikilala kwenye 0.1, ijaribu: bana hosi yoyote uliyoshuku, au ongeza mchanganyiko kwa kupuliza gesi kidogo ya kiberiti cha gesi kwenye mdomo wa eya klina. Ikipanda, ni hai. P0135 inahusu hita yake, na huanzia kwenye fyuzi. Ukinzani wa hita ni omu 11 hadi 16. Uvujaji wa egzosi kabla ya sensa nao huingiza hewa na kuifanya iripoti uongo.

P0420 inalalamikia masega ya egzosi (katalitiki). Yakiwa yametolewa au kuuzwa, kubadilisha sensa ya nyuma hakutazima taa.

Kodi nne kwa mpigo

Sensa nne hazifi siku moja. Throtoli, MAP na nyingine hushirikiana umeme wa volti 5 na waya wa ardhi. Pima volti 5 kwenye konekta swichi ikiwa imewashwa, kisha chomoa sensa moja moja. Volti ikirudi ulipochomoa moja, hiyo ndiyo inayoangusha wenzake. Kama kodi zilianza baada ya injini kuoshwa kwa presha, fungua konekta, zikaushe, na utazame kama pini zina ukijani. Panya nao hupenda waya za gari linalolala muda mrefu.

Ukimaliza, futa kodi, endesha siku tatu kwa safari fupi na ndefu, kisha soma trimu tena pamoja na kodi zinazosubiri, kwa kuwa hizo huandikwa kabla taa haijawaka. P0171 ikiwa kwenye orodha ya kusubiri na LTFT imepanda kutoka +3 hadi +12, kuna mpira hujauona.